Komba wa Pugu na Watu Wenye Masikio

Ukiingia Mtaa wa Kongo saa kumi jioni, macho hayakusaidii sana. Meza zimebanana, mabegi yananing'inia juu ya vichwa, na kila mmachinga anafanana na mwenzake. Mwenyeji wa Kariakoo hutafuta kwa sikio. Spika hii inaita "jero jero", ile "buku mbili, chagua mwenyewe", na aliyezoea anajua viatu vya watoto viko kona ipi kabla hajaviona.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa namna hiyo, ila hufanyika gizani, kwenye vilima vya Pugu, ukishapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto. Ni ufundi wa kumtenga komba na komba.

Komba kila mtu wa pwani anamjua, au anadhani anamjua. Ndiye anayesifika kwa kunywa tembo la mgema, na ndiye anayelia usiku kama kitoto kichanga mpaka mgeni akakosa usingizi. Huyo ni komba mkubwa. Wapo na wadogo, wa kuenea kiganjani, wa rangi ya kahawia, macho makubwa, mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaweka karibu wote wa pwani yetu chini ya jina moja, komba mdogo wa Zanzibar, ambaye mtaalamu wa wanyama Matschie alimwandika mwaka 1893. Walipima mafuvu, wakalinganisha rangi za ngozi zilizolazwa kwenye madroo ya makumbusho. Shida ya ngozi ya kwenye droo ni kwamba hailii.

Simon Bearder wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes na wenzake ndio waliogeuza mambo. Hoja yao, waliyoichapisha mwaka 1995, ni nyepesi ukishaisikia: mnyama wa usiku hamchagui mwenzi kwa rangi ya koti lake. Anamjua kwa sauti na harufu, basi na mtafiti aanzie hapo. Wazo hilo walilichukua kwa mwanasayansi Hugh Paterson, ambaye katika miaka ya 1960 alisaidia kuonyesha kwamba mbu aitwaye Anopheles gambiae si mmoja, ni kundi la ndugu wanaofanana mno. Wakazi wa Bonde la Msimbazi wana haki ya kulijua hili. Katika kundi hilo yumo anayependa kuingia ndani kumng'ata mtu, yumo arabiensis ambaye hata ng'ombe humtosha, yumo merus anayezaliana kwenye maji ya chumvi. Hata kwa darubini mbu hao wanawachanganya wataalamu, kwa hiyo maabara huchukua mguu mmoja tu wa mbu na kusoma vinasaba vyake. Ujuzi ule ule, wa mbu na wa komba: huku tunataka kuua, kule tunataka kuokoa.

Turudi msituni. Mlio wa komba wa Zanzibar unabingirika kwa pigo moja moja. Wa komba wa Rondo, mmoja wa wale waliofichwa chini ya jina lake, unabingirika vilevile, lakini mapigo yake huja mawili mawili. Basi, ni hilo tu. Sikio lisilozoea litasema ni mlio mmoja. Ukiuchora mlio kwa mashine, alama zinakaa jozi jozi kwenye karatasi, wala hakuna cha kubishia. Baada ya sauti ndipo macho nayo yakaanza kuona: huyu wa Rondo ana gramu kama 60, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana, na mkia wake una manyoya yaliyotawanyika, mekundu ya kutu. Uume nao ulipimwa, maana miiba yake midogo hutofautiana kwa kila aina. Wanasayansi hawana haya, na hapo nawaheshimu. Jina lake rasmi lilitoka katika miaka ya 1990.

Vinasaba vilikuja baadaye, navyo vilileta habari ambayo sikio peke yake lisingeweza kuitoa. Komba wadogo wa mashariki waliunganishwa na wadogo wa Afrika magharibi kwa sababu ya udogo wao tu. Damu ikasema vingine: wetu wako karibu zaidi na komba wengine walio wakubwa kuliko wao. Mwaka 2017 Judith Masters na wenzake wakawapa jenasi yao, Paragalago. Hata hivyo mimi naona sifa ya kwanza ni ya wale waliokesha. Maabara hujibu ulichouliza, na swali hili lilitoka kwenye kichaka.

Faida ya kuwatenga komba ni hii. Komba mmoja wa pwani nzima hana wa kumhofia. Komba wa Rondo, akishatengwa, anakutwa katika misitu michache tu: Zaraninge, Pande, Pugu na Kazimzumbwi upande wetu, na mingine kama Rondo, Litipo, Chitoa na Ziwani huko Lindi na Mtwara. Ukiijumlisha yote, misitu hiyo ilikadiriwa kuwa kama kilomita za mraba 100. Pande haikufika hata 3. Mwaka 2006 akaingia kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani. Na Pugu na Kazimzumbwi zimekatwa miaka nenda rudi kwa ajili ya mkaa, ule ule unaochemsha maharage ya mama lishe pale Kariakoo.

Watu kama Andrew Perkin, aliyemfuatilia komba huyu miaka mingi, hufanya hesabu kwa kutembea. Unafuata njia moja polepole baada ya jua kuzama, taa kichwani, unaandika kila mlio na saa yake na upande ulikotokea. Macho yanayong'aa kwenye mwanga yanakuambia kuna komba, hayakuambii komba gani. Unazima taa, unasubiri aite.