Machozi Hayatoshi: Maoni juu ya Filamu ya Watoto Wakimbizi

Filamu ya "Into the Arms of Strangers", iliyoongozwa na Mark Jonathan Harris na kutolewa mwaka 2000, inaonyesha mambo ya kweli. Inahusu watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliopelekwa Uingereza kutoka Ujerumani, Austria na Chekoslovakia kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, vita ilipoanza. Waliukimbia ufashisti wa Hitler. Watoto walipokelewa bila wazazi wao, na wengi hawakuonana nao tena.

Niliitazama hapa Sumbawanga, usiku wa baridi ya Ufipa, pamoja na vijana wachache. Baba mmoja anamvuta binti yake kupitia dirisha la gari la moshi linaloondoka, kwa kuwa hawezi kuachana naye. Baadaye binti huyo alipitia kambi za mateso. Tulinyamaza sote, na mimi nililia. Sioni haya kusema hivyo, maana kada asiyeumizwa na kilio cha mtoto wa mwenzake atawatumikiaje wananchi?

Nguvu ya filamu hii ni kwamba wahusika wenyewe, sasa wakiwa wazee, ndio wasemaji. Udhaifu wake ni kwamba inaamsha huruma kwa mtoto na shukrani kwa mlezi kuliko hasira juu ya sheria. Serikali ya Uingereza ilidai dhamana ya pauni 50 kwa mtoto. Hapana budi tuulize: kwa nini mlango ulifunguliwa kiasi cha kupita mtoto tu, mama yake akabaki nje?

Mkoa wa Rukwa una historia yake katika jambo hili. Ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, katika Wilaya ya Mpanda, iliyokuwa ndani ya mkoa huu mpaka Katavi ilipoundwa mwaka 2012. Hatukuweza kuwarudishia yatima wazazi waliouawa, lakini waliobaki hai walilima na kulea watoto wao pamoja. Huo ulikuwa utekelezaji wa ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, yaani udugu wa binadamu wote.

Hata hivyo, yatupasa kujikosoa. Wakimbizi hao walihitaji kibali ili kutoka nje ya makazi yao. Tena, watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliokubaliwa uraia kufikia mwaka 2010 walisubiri vyeti vyao hadi mwaka 2014. Kwa miaka hiyo yote mtoto aliyezaliwa hapa hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwao ni wapi.

Kwa hiyo filamu hii ionyeshwe matawini na vyuoni, na taa zikishawashwa watu wasitawanyike. Wajadili ni nani aliyefunga mlango mwaka 1938, kisha wajadili mlango wetu wenyewe. Huruma isiyofikishwa kwenye sheria na ardhi haimrudishi mtoto kwa mama yake.