Watunzi wa Sauti Tatu
Kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ilikuwa na chipu ya SID, yaani kifaa kidogo cha kielektroniki cha kuzalisha sauti, ambayo iliundwa kutoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja; na humo ndimo watunzi wa muziki wa michezo ya kompyuta, hasa wa Ulaya, walimobana ngoma, besi na kiitikio. Wengi wao waliingiza namba moja baada ya nyingine katika programu waliyoiunda wenyewe, ambayo aghalabu iliamshwa mara 50 kwa sekunde ili ibadilishe kimo cha sauti na umbo la wimbi lake. Akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ingemeza sauti zote tatu; kwa hiyo waliirusha sauti moja kutoka noti hadi noti kwa kasi inayolifanya sikio lisikie mlio mmoja unaometameta. Ngoma nayo iliazima sauti ya besi kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikairudisha kabla msikilizaji hajatambua pengo, na yote hayo yalitakiwa kutoshea katika kilobaiti chache, kwa kuwa picha na mchezo wenyewe vilidai sehemu kubwa ya kumbukumbu. Huo ni utunzi kamili, na wanaoandika historia ya muziki wa karne ya 20 wanapaswa kuutengea sura yake.