Marejeo ya Vitabu na Jina la Mzee Rureke

Mwaka 1969 kilipigwa chapa huko California, Marekani, kitabu kimoja cha masimulizi ya kwetu Kivu. Ni utenzi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga, watu wa misitu ya Walikale. Mtaalamu anayekitaja kitabu hicho katika jarida la elimu, mwishoni mwa makala yake huandika hivi: Biebuyck, Daniel, na Mateene, Kahombo C., 1969, The Mwindo Epic from the Banyanga, Berkeley, University of California Press. Mikato iko mahali pake, mwaka upo, mji upo, mpiga chapa yupo. Mhariri hana la kusema. Sisi tunalo.

Kwanza tueleze kwa nini jambo hili lawahusu watu wa Lwiro. Bwana Biebuyck alifanya utafiti wake Kivu kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya elimu iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, yenye makao yake makuu pale Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Majengo yale yangalipo, na maktaba yake, na wataalamu wanaochunguza mimea, wanyama na mitetemeko ya nchi. Wanapopeleka miswada yao kwa majarida ya ng'ambo hukutana na sheria za marejeo: jina liandikwe vipi, mwaka ukae wapi, nukta wapi, mabano wapi. Mswada usiofuata sheria hizo waweza kurudishwa hata kabla haujasomwa.

Wako wanaonung'unika kwamba huu ni ubishi wa mikato tu. Hatukubaliani nao. Kijana akitaka kufunga ndoa mbali na parokia yake, padre wa huko huandika kuomba cheti cha ubatizo. Akipewa jina la parokia, mwaka na namba iliyomo katika kitabu cha wabatizwa, karani humwona kijana yule kwa dakika chache. Asipopewa, karani atafunua kurasa mpaka jua litue. Marejeo ya makala ni kazi ile ile: kumwezesha mtu mwingine, tena mtu asiyekujua, aende akajionee mwenyewe kama umesema kweli.

Namna za kuyapanga ni nyingi, lakini mbili zimeenea. Moja huweka jina na mwaka ndani ya habari yenyewe. Husemwa ilianza mwaka 1881 kwa E. L. Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika maandiko yake juu ya mayai ya konokono asiye na gamba. Ya pili hutia namba tu, na majina hukaa mwisho. Iliandaliwa na wahariri wa majarida ya uganga waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Sisi twaipenda ile ya konokono, maana mwenye neno huonekana pale pale neno lake linaposomwa.

Lakini sheria zote hizo zilitungwa na watu ambao jina la ukoo wao huja mwisho. Kwetu Kongo sivyo. Jina la mtu hutangulia, la pili hufuata, na lile la Kikristo mara nyingi hukaa nyuma. Nani atamtafuta Mobutu Sese Seko katika herufi S, kwa neno Seko? Lakini kompyuta ya jarida la kigeni hushika neno la mwisho, na mtafiti wetu huorodheshwa mahali ambapo hata mama yake hangemtafuta. Tena wazee wanakumbuka mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya Kikristo. Katazo hilo halikulegea mpaka mwaka 1990. Aliyeandika makala kwa jina moja mwaka 1970, akaandika nyingine kwa jina jipya mwaka 1975, katika orodha amekuwa watu wawili. Mwandishi wetu mashuhuri Mudimbe alipata nafuu: Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka, na herufi V. Y. zikabaki zile zile! Si wengi waliobahatika hivyo. Ndiyo maana mtafiti kijana yafaa achague mapema namna moja ya kuandika jina lake, asiibadilishe, na amwandikie mhariri wazi lipi ni la ukoo.

Hata nyumba yenyewe ya Lwiro ilibadilika jina. IRSAC ikawa IRS katika miaka ya 1970, na baadaye CRSN. Hapa shauri letu ni fupi: liandikwe jina lililopigwa chapa kwenye kitabu, kisha la leo katika mabano. Na jarida la zamani la Lwiro, Folia Scientifica Africae Centralis, litajwe kwa jina zima, maana mtunza maktaba wa nchi nyingine hawezi kukisia vifupisho vyetu.

Sasa turudi kwa Mwindo. Wala Biebuyck wala Mateene hawakuutunga utenzi ule. Aliyeusimulia ni Candi Rureke, Mnyanga, mwaka 1956. Kwa siku 12 alisimulia, akaimba, akacheza, nao wakaandika. Ni yeye aliyesema jinsi Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alivyokataa kuzaliwa watoto wa kiume. Jinsi Mwindo alivyotoka katika kidole cha kati cha mama yake. Jinsi baba alivyomtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Haki isemwe: waandishi hawakumficha. Katika utangulizi wamemtaja kwa jina na kwa heshima. Lakini marejeo hayachukuliwi katika utangulizi, huchukuliwa katika ukurasa wa jina la kitabu, na huko Rureke hayumo. Basi wanafunzi huandika, "Biebuyck na Mateene wasema Mwindo alizaliwa hivi," kana kwamba mabwana wale walimzaa!

Pengine mtu atajibu: huyo hakuandika, alisema tu. Hebu tutazame pwani. Al-Inkishafi ilitolewa na William Hichens mwaka 1939, lakini hakuna anayeuita utenzi wa Hichens. Wote wasema ni wa Sayyid Abdalla bin Nasir. Na pale pale Lwiro, katika chumba cha mimea iliyokaushwa, kila jani lina karatasi yenye jina la aliyelichuma na namba yake, na mtaalamu wa mimea hawezi kulitaja jani bila hayo. Jani lina mwenyewe, na utenzi wa siku 12 hauna?

Tena si adabu tu, ni elimu. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine, Hero and Chief, chenye masimulizi mengine ya Wanyanga juu ya Mwindo, nayo hayafanani na hili kwa kila jambo. Atakayeandika "utenzi wa Mwindo" bila kumtaja msimulizi hajasema ni upi. Marejeo yake yana mikato yote, lakini msomaji hafiki.

Dawa si ngumu. Ndani ya habari mwandishi aandike: "Rureke, katika Biebuyck na Mateene 1969." Mwishoni aanze hivi: Rureke, Candi, msimulizi, 1956, kisha afuatishe waandishi, kitabu na mpiga chapa kama jarida linavyotaka. Mtindo wa jarida haukuvunjwa, na mhariri hana sababu ya kuurudisha mswada.