Uzuri na Shtaka: Uhakiki wa Mchoro wa Henri Regnault wa Mwaka 1870

Makala haya yanahakiki mchoro wa Mfaransa Henri Regnault uliopo katika makumbusho ya Orsay, Paris. Jina lake laweza kufasiriwa hivi: "Kuuawa bila Hukumu katika Enzi za Wafalme Wamori wa Granada". Regnault aliichora kazi hii Tangier, Moroko, baada ya kuizuru kasri ya Alhambra huko Granada. Mwaka uliofuata aliuawa vitani akiwa na umri wa miaka 27.

Turubai ina kimo cha takribani meta 3. Juu ya ngazi amesimama mwuaji mweusi, akiufuta upanga kwa vazi lake. Chini yake umelala mwili. Kichwa kimebingirika, na damu imetapakaa kwenye vidato. Mtazamaji amewekwa chini, upande wa aliyeuawa, naye hulazimika kuinua macho.

Uzuri wa kazi hii haukanushiki. Vazi la rangi ya waridi linashikamana na dhahabu ya kuta, na utulivu wa mwuaji unaipa picha nzima mizani. Hata hivyo, uzuri huo ndio unaobeba shtaka. Tukiyafumba macho yetu tusilisome jina, tunachokiona ni mtu aliyekatwa kichwa. Hakuna kinachothibitisha kwamba hukumu haikutolewa. Maneno "bila hukumu" ni ya mchoraji, aliyeishi karibu karne nne baada ya Granada kuanguka mwaka 1492. Tena, watazamaji wake wa Paris hawakuwa wageni wa adhabu hiyo: Ufaransa iliendelea kuwakata watu vichwa hadharani kwa gilotini hadi mwaka 1939. Tofauti kati ya "wao" na "sisi" haimo katika damu, bali imo katika jina.

Edward Said, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu Uorientalisti, alionesha jinsi Ulaya ilivyoiumba Mashariki kwa mahitaji yake. Hoja hiyo haitulazimishi kuiondoa picha hii ukutani wala kwenye mitaala. Inapendekezwa kwamba walimu na wasimamizi wa makumbusho waanze na fani: rangi, kimo na nafasi ya mtazamaji. Kisha wamuulize mwanafunzi ni nani aliyesema hukumu haikuwapo, na kwa ushahidi gani. Anayeukana uzuri wa kazi hii hataweza kueleza kwa nini shtaka lake liliaminika.