Dropbox ilivyohama Amazon bila kuhama yote

Machi 2016 Dropbox ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya data za watumiaji wake zilikuwa zimeshaondolewa kwenye mitambo ya Amazon na kuhamishiwa kwenye seva zake yenyewe. Wengi walishangaa. Huo ulikuwa wakati ambapo kila mkuu wa TEHAMA alishauriwa aachane na chumba cha seva na apange nafasi kwenye wingu. Mwezi mmoja tu kabla, Netflix ilikuwa imetangaza kukamilisha safari ya miaka kadhaa ya kuhamia hukohuko Amazon.

Tangu hapo kisa cha Dropbox husimuliwa kama kisa cha kukimbia wingu. Nionavyo mimi, wanaokisimulia hivyo wanakosea. Dropbox iliamua upya kipi kikae kwake na kipi kikae kwa mwenye mitambo ya kukodisha, na iliweza kuamua hivyo kwa sababu ya jambo moja ililolifanya mapema, jambo ambalo halisimuliwi sana.

Unapoweka faili Dropbox, programu huikatakata vipande visivyozidi megabaiti 4 kila kimoja, na kila kipande hupewa utambulisho unaotokana na yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo kuna vitu viwili vya kutunza. Kuna vipande vyenyewe, ambavyo ni vingi na vizito, na kuna metadata, yaani taarifa za faili ya nani imeundwa na vipande vipi, ipo kwenye folda gani na toleo lake ni la lini. Tangu miaka yake ya mwanzo Dropbox ilivihifadhi vipande Amazon, kwenye huduma ya S3, lakini metadata pamoja na seva za tovuti ikazitunza kwenye vituo vya data inavyovisimamia yenyewe. Ni sawa na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyepanga ghala la mtu, lakini daftari la mzigo analala nalo nyumbani kwake. Hilo ndilo wingu mseto, na Dropbox ilikuwa nalo kabla jina halijawa la mtindo.

Anayeshika daftari akitaka kuhamisha mzigo haombi ruhusa. Anahamisha kipande kimoja, anabadilisha maandishi ya mahali kilipo, na mteja hajui kama kuna kilichotokea.

Mwaka 2012 mzigo wote ulikuwa kama petabaiti 40. Hadi 2016 ulikuwa umepita petabaiti 500. Kwa ukubwa huo hesabu ya kupanga hubadilika. Raha ya wingu la kukodi ni kupanua na kupunguza mitambo kadiri ya mahitaji, na anayelipia raha hiyo ni mwenye biashara ya kupanda na kushuka. Mzigo wa Dropbox haukuwa wa namna hiyo: uliongezeka kila siku, ulitabirika, na sehemu kubwa yake ilikaa tu ikisubiri mwenyewe aiulizie. Kulipia wepesi usioutumia ni hasara.

Wahandisi wakaanza kujenga mfumo wa kuhifadhi waliouita Magic Pocket. Waliandika kwa lugha ya Go, kisha wakaona inakula kumbukumbu nyingi mno kwenye mashine za diski, wakaiandika upya sehemu hiyo kwa lugha ya Rust. Mashine zenyewe walizibuni wao, kila moja ikiweza kubeba takriban petabaiti nzima. Kwanza mfumo ulifanya kazi kimyakimya pembeni ya Amazon, data zikiwa pande zote mbili. Tarehe 27 Februari 2015 ndipo faili za watumiaji zilipoanza kuhifadhiwa kwenye mfumo huo peke yake. Tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo lengo la asilimia 90 likafikiwa. Kasi ya kuhamisha ilipokuwa juu kabisa, data zilipita kwa zaidi ya nusu terabiti kwa sekunde.

Sehemu inayonivutia zaidi haina mbwembwe. Walijenga kundi zima la programu ambazo kazi yake ni kushuku tu. Moja huzisoma diski zote mfululizo, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikitafuta kipande kilichoharibika ambacho bado hakuna aliyekiulizia. Nyingine hukagua taka kabla hazijafutwa, isije ikawa kuna kipande kinachohitajika kimetupwa kwa makosa. Ukipanga kwa Amazon, mashaka hayo ni ya Amazon. Ukirudi kwako, ni ya kwako, na lazima uajiri watu wa kuyabeba.

Fedha zilijulikana hadharani 2018, Dropbox ilipojiandaa kuuza hisa kwa umma. Mwaka 2016 malipo kwa watoa huduma wa vituo vya data yalishuka kwa dola milioni 92.5. Lakini gharama za uchakavu wa mitambo, vituo na matengenezo zikapanda kwa dola milioni 53. Kilichobaki mkononi ni milioni 39.5, na 2017 zikaongezeka milioni 35.1. Si haba. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya kile kilichookolewa mwaka wa kwanza kilimezwa na gharama mpya, na hiyo ni kampuni yenye wahandisi wa kujibunia mashine. Mkurugenzi anayelinganisha ankara ya Amazon na bei ya seva dukani, kisha akaishia hapo, anajidanganya.

Na kule Amazon? Dropbox haikuondoka yote. Wateja wa kibiashara wa Ulaya waliotaka faili zao zikae Ulaya walihifadhiwa Ujerumani, kwenye mitambo ya Amazon, kwa kuwa wateja hao hawakuwa na mzigo wa kustahili kujengewa kituo. Baadaye petabaiti 34 za data za uchambuzi zikapelekwa Amazon vilevile. Hata kumbukumbu za zamani zisizoguswa mara kwa mara zilijengewa mfumo juu ya huduma za kampuni hiyohiyo.

Kushika daftari nako kuna mzigo wake. Metadata za Dropbox zilikuwa zimelundikana San Jose, jirani na ufa wa San Andreas unaojulikana kwa matetemeko. Mei 2020 hitilafu kwenye zana za kuhamishia kazi kituo kingine iliangusha huduma kwa dakika 47. Wakajipanga upya, na tarehe 18 Novemba 2021 wafanyakazi waliingia vituo vya San Jose wakachomoa nyaya za faiba kwa mkono, kujaribu kama huduma ingesimama bila vituo hivyo. Zilikaa nje nusu saa, na watumiaji waliendelea na shughuli zao.

Huku kwetu Afrika Mashariki hesabu ina kitu cha ziada, nacho ni bahari. Mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa nyumbani 2015. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na Uganda. Duka la Mwanza ambalo nakala za kumbukumbu zake ziko kwenye wingu la Cape Town lingevumilia siku ile. Ambalo stoo na mauzo yake yote yanasomwa kutoka Cape Town lisingevumilia.

Kwa hiyo, ukiwa unakaribia kupanga, anza na swali la kutoka. Kuingiza data Amazon ni bure. Kuzitoa kunalipiwa kwa gigabaiti, ukishapita kiwango cha bure cha mwezi. Tangu Machi 2024 mteja anayehama moja kwa moja anaweza kuomba asamehewe malipo hayo. Lakini anayetaka kuishi pande zote mbili, data zikienda na kurudi kila siku, bado analipa. Omba bei hiyo kwa maandishi, izidishe kwa mzigo unaoutarajia miaka mitatu mbele, kisha ndipo utie saini.