Kofia Isiyowahi Kuvaliwa

Kwa karne mbili hivi kamusi za Kiingereza zilibeba kidahizo "abacot" na kukieleza kuwa ni kofia ya heshima ya wafalme wa kale wa Uingereza. Kofia hiyo haikuwapo. Iliyokuwapo ni "bycoket", kofia yenye ncha mbele na nyuma, iliyotajwa na waandishi wa habari za Mfalme Henry wa Sita. Kijineno "a", ambacho Waingereza hukitanguliza mbele ya jina la kitu kimoja, kiligandana na jina lenyewe. Mchapaji akakosea herufi, aliyemfuata akanakili kosa hilo na kuongeza lake, hata Henry Spelman, mtunga orodha ya maneno wa karne ya 17, akaliandika "abacot". Waliokuja baada yake hawakuuliza ni nani aliyeiona kofia, walinakili tu. Aliyeuliza ni James Murray, Mskoti aliyekabidhiwa uhariri wa Kamusi ya Oxford mwaka 1879. Alirudi nyuma kitabu kwa kitabu, akaonyesha kila herufi ilipopotea, akalikataa neno. Mwaka 1886 Walter Skeat, bingwa mwingine wa asili za maneno, aliyapa maneno ya aina hiyo jina linalofaa kabisa: maneno mizuka.

Ufundi wa kufuatilia asili ya maneno husifiwa kwa yale unayoyagundua. Mimi naona sifa yake kubwa iko katika yale unayoyakataa, na kwamba maneno adimu ndiyo yanayompima fundi, kwa kuwa neno lisilotumiwa na wengi halina watu wa kulisahihisha. Kukataa kwenyewe si jambo jepesi. Chukua "tawdry", neno la Kiingereza la kitu chenye mng'aro wa bei poa. Asili yake ni Audrey, jina ambalo watu wa kawaida walimwita Mtakatifu Etheldreda, malkia aliyeanzisha monasteri ya Ely na kufariki mwaka 679. Bede, mwanahistoria wa karne ya 8, anasimulia kwamba alikufa na uvimbe shingoni, akauona kuwa malipo ya mikufu aliyoipenda ujanani. Miaka mingi baadaye, kwenye gulio la sikukuu yake, ziliuzwa tepe za hariri za kuvaa shingoni, zikaitwa kwa jina lake. Herufi ya mwisho ya "Saint" ikahamia mwanzoni mwa Audrey, tepe zikazidi kuwa duni, na kufikia mwisho wa karne ya 17 neno lilikwisha kuwa la dharau. Maskini mtakatifu! Sasa tazama: hapa napo herufi imegandana na jina lisilo lake, sawasawa na ile ya "abacot". Kwa macho makosa haya mawili ni pacha. Tofauti yake ni kwamba la "tawdry" lilifanywa na midomo ya wauzaji na wanunuzi, la "abacot" likafanywa na kalamu peke yake, na hakuna kipaji cha kubahatisha kitakachokuonyesha tofauti hiyo. Unahitaji ushahidi.

Atatokea mtu aseme kwamba hata la kalamu huweza kuwa neno halali, naye atakuwa na hoja. "Syllabus", ambalo walimu wetu hulitamka silabasi, lilianzia katika kosa la uchapaji. Barua za Cicero zilipochapwa katika karne ya 15, neno la Kigiriki "sittybas", vile vibandiko vya ngozi vyenye anwani ya kitabu, lilisomwa vibaya likatoka "syllabos". Kwa nini basi mzuka huu ukaribishwe ndani na "abacot" ifukuzwe? Jibu ni kwamba watu waliichukua silabasi wakaifanyia kazi: wakaiandika, wakaifundishia, wakagombana juu yake. "Abacot" haikutoka nje ya kamusi. Mtunga kamusi hahukumu kama neno lilizaliwa kwa njia ya halali. Anachotaka ni kuona lilitumika wapi, lini na kwa maana gani.

Ndiyo maana kazi yote ya Kamusi ya Oxford ilisimama juu ya vikaratasi. Tangu Chama cha Filolojia cha London kilipoanza mpango huo mwaka 1857, wasomaji wa kujitolea walipitia vitabu na kuandika, kila neno kwenye nusu karatasi yake, mwaka, mwandishi, kitabu na sentensi nzima. Murray alijenga kibanda cha mabati, akatia ndani visanduku zaidi ya elfu moja, na watoto wake wakawa wanapanga vikaratasi kwa kulipwa visenti. Magunia ya vikaratasi aliyorithi yalikuwa balaa: moja lilikuwa na panya aliyekufa, na sehemu ya maneno yanayoanza na "Pa" ilipatikana Ireland kwenye banda la farasi, nyingine ikiwa imeshawashiwa moto. Vikaratasi vya "bondmaid", yaani kijakazi, vilipotea, na neno likaachwa nje ingawa limo katika Biblia yao. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915, kazi ikakamilika mwaka 1928 ikiwa na nukuu zaidi ya milioni 1.8.

Yote hayo kwa maneno ambayo mengine hayatumiki hata mara moja kwa mwaka? Swali hili huulizwa na watu wenye akili zao, nami sitawajibu kwamba maneno adimu yana faida ya mezani. Faida iko katika kuzoea kudai ushahidi. Kuna hadithi tamu kuhusu "posh", neno la Kiingereza la kitu cha kifahari, kwamba matajiri waliosafiri kwa meli kwenda India walikata vyumba vya upande wa kivuli, kushoto wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi, na herufi nne za mwanzo za maneno ya mpango huo kwa Kiingereza zikapigwa mhuri kwenye tiketi. Tiketi ya namna hiyo haijapatikana. Kamusi nzuri huikataa hadithi na kukubali kwamba asili haijulikani, jambo ambalo msomaji huliona kuwa uvivu wakati ndilo lililogharimu kazi zaidi. Palipo na ushahidi, huja na uhondo usiohitaji chumvi. "Monsoon" ya Waingereza na msimu wetu ni ndugu wa baba mmoja, neno la Kiarabu "mawsim": moja lilipitia kwa mabaharia wa Kireno, jingine likabaki pwani, nasi tukaendelea nalo hata maneno ya vijiweni, yanayokuja na kupita, yakaitwa misimu.

Siku hizi hudaiwa kuwa kompyuta imeumaliza ufundi huu. Ni kweli kwamba kupekua maelfu ya vitabu vilivyopigwa picha kumerudisha nyuma tarehe za maneno mengi, na Murray angefurahi. Lakini vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1800 hivi vina "s" ndefu inayofanana na "f", na programu huisoma hivyo, ikizaa maneno ambayo hakuna binadamu aliyeyatamka. Tarehe nayo mara nyingine ni ya toleo jingine kabisa. Kwa hiyo mhariri bado hufungua picha ya ukurasa wenyewe, akasoma sentensi, na ya kabla yake, na ya baada yake, ndipo aandike mwaka.