Muuza Ndoo, Mama Kanali na Kipaza Sauti cha Rubona

Kwa mtu anayefasiri filamu kwa mdomo mbele ya watu, Eye in the Sky ni mtihani. Ni filamu ya msako wa magaidi, ilitoka mwaka 2015, mwongozaji wake ni Gavin Hood wa Afrika Kusini, na wasakaji karibu wote wamekaa kwenye viti. Kanali Katherine Powell, anayeigizwa na Helen Mirren, yuko Northwood, nje kidogo ya London. Jenerali Benson, ambaye ni Alan Rickman, yuko chumbani na mawaziri katikati ya London. Anayeendesha droni yuko jangwani Nevada, mchambuzi wa picha yuko Hawaii, na wanaosakwa wako Nairobi. Kwa zaidi ya saa moja na nusu watu hawa wanapigiana simu.

Sasa ichukue filamu hiyo uipeleke Rubona, sekta ya Nyamyumba nchini Rwanda, katika kibanda cha video ambacho wateja wake ni wavuvi wa sambaza, wapakizi wa mizigo bandarini na vijana waliokosa kibarua siku hiyo. Maonyesho ni ya mchana. Jua likianza kushuka wavuvi wanaondoka, filamu iwe imekwisha au haijaisha, maana mitumbwi yao inayofungwa mitatu mitatu lazima iingie Ziwa Kivu kabla ya giza. Watu wa namna hii hawana muda wa kusubiri filamu ipambe moto. Wamelipa waone ngumi.

Kijana anayewafasiria aliichagua filamu hiyo mwenyewe, na nilidhani amejichongea. Baada ya kumsikiliza akiifasiri zaidi ya mara moja, nimekuwa mtu wa kumwangalia yeye kuliko skrini.

Kazi yake ina ukoo mrefu. Wanyarwanda wanaiita agasobanuye, na jina la kwanza wanalolitaja ni Yanga, aliyefariki mwaka 2022, kisha mdogo wake Junior Giti, kisha Rocky Kirabiranya. Kampala kuna VJ Jingo na wenzake, na VJ Emmie ambaye kelele zake ndizo zilizoifanya filamu ya Wakaliwood, Who Killed Captain Alex, ijulikane duniani. Kenya kuna DJ Afro. Tanzania, watu wa umri wangu waliokaa kwenye vibanda umiza bado wanaikumbuka sauti nzito ya Lufufu. Wengi wa mabwana hao wana mtindo wa kufurika: mtu akifungua mlango kwenye filamu, wewe unaelezwa mlango, mfunguaji, mke wa mfunguaji na deni analodaiwa dukani. Ni ufundi, na una raha yake, hasa filamu yenyewe ikiwa mbovu. Lakini filamu ya msako wa polisi ikiwa nzuri, mtindo huo unaiua. Msako ni kungoja. Ukiijaza ile ngoja-ngoja kwa mizaha, umemfungulia gaidi mlango wa nyuma.

Kijana wa Rubona alianza na tatizo la vyumba. Filamu inaruka kutoka nchi moja kwenda nyingine kila baada ya sekunde chache, na maandishi ya chini yanayotaja mahali hayasomeki kwenye televisheni yenye mikwaruzo, hata kwa anayejua Kiingereza. Kwa hiyo aliwapa watu majina yao ya Nyamyumba. Kanali Powell akawa Mama Kanali. Jenerali Benson, ambaye mwanzoni anahangaika kununua mdoli na kukosea aina, akawa Mzee wa Mdoli. Rubani wa droni ni Kijana wa Kifyatulio. Jama Farah, mpelelezi wa Kenya anayeigizwa na Barkhad Abdi, anajifanya mchuuzi ili akae karibu na nyumba ya magaidi. Huyo akawa Muuza Ndoo. Picha ikigeuka, kijana anatamka jina tu, kwa pumzi moja, kisha anaacha mhusika aseme. "Mzee wa Mdoli." Kimya. "Mama Kanali." Kimya. Baada ya robo saa hakuna mtu kibandani aliyepotea. Nimewahi kuitazama filamu hii na watu wenye shahada ambao hadi mwisho walikuwa wanaulizana yule wa Hawaii ni nani.

Mpango wa mwanzo ni wa kipolisi kabisa: kikosi cha Kenya kinasubiri kuwakamata Mwingereza aliyejiunga na al-Shabaab na mumewe. Wengi walimfananisha mwanamke huyo na Samantha Lewthwaite, ambaye Interpol ilitoa hati ya kumsaka mwaka 2013 kwa ombi la Kenya. Kisha kidude chenye umbo la mbawakawa, kinachoongozwa na Farah kwa simu, kinaingia ndani ya nyumba na kuonyesha fulana za mabomu zikivalishwa vijana. Kukamata kunageuka kuwa kuua. Na hapo ndipo filamu inapopata injini yake, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mtu wa mwisho kusema ndiyo. Waziri mmoja anataka aulizwe mwingine. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza yuko Singapore, tumbo limemchafuka, anaamua mambo ya vita akiwa chooni. Mwenzake wa Marekani yuko China anacheza tenisi ya meza na anakereka kwa kukatizwa mchezo.

Wahakiki wa Ulaya waliziona sehemu hizi kama kejeli. Kibandani Rubona zilionekana kama habari. Kijana alizifasiri kwa sentensi moja aliyokuwa akiirudia, kila mara kwa sauti ya cheo tofauti: "Ngoja kwanza nimuulize mkubwa." Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tatu walikuwa wanaisema naye. Mara ya tano mzee mmoja alilalama kutoka nyuma kwamba hati yake ya kiwanja nayo ilikwenda hivyo hivyo. Kijana hakuongeza neno. Alijua kwamba mzee yule ameimaliza tafsiri kwa niaba yake, na kwamba filamu ina dakika chache za kupumua kabla haijaanza kuuma.

Inauma kwa sababu ya mkate. Alia, binti mdogo wa fundi baiskeli, anakuja kuuza mikate ya mama yake kando ya ukuta wa nyumba ile ile. Tangu picha ya kwanza ya filamu tunamjua: baba yake anamtengenezea duara la kuchezea kiunoni, na anamfundisha kwa siri kwa sababu mtaa una watu wasiopenda msichana acheze wala asome. Kombora likipiga, na yeye yumo. Kanali anamtaka sajini wake apige hesabu ya uwezekano wa mtoto kufa, na hesabu hiyo ikizidi nusu ruhusa haitoki. Sajini anasita. Kanali anamsukuma atafute sehemu nyingine ya kupiga. Mwisho inaandikwa asilimia 45.

Asilimia ni adui wa mfasiri. Ukiisema haraka inapita kama namba ya simu. Hapa kijana alifanya jambo ambalo sijamwona mfasiri mwingine akilifanya katikati ya filamu ya kusisimua: alibonyeza kitufe, picha ikasimama. "Wasichana 100 wakipita pale na mikate," akasema, "Mama Kanali anaandika kwamba 45 watakufa. Na sajini anajua si 45. Mmeona alivyotazama chini?" Akabonyeza tena. Alisimamisha filamu yote mara moja tu, hapo. Angesimamisha mara tatu, watu wangemzomea, na wangekuwa na haki.

Kisha yakafika yale anayostahili kusifiwa zaidi. Farah anaambiwa ainunue mikate yote ili mtoto aondoke. Huu ndio utundu bora wa mwandishi Guy Hibbert: mataifa mawili makubwa, droni, setilaiti, na suluhisho pekee la kibinadamu ni mtu mmoja kwenda dukani. Farah ananunua, anatambuliwa, anatupa mikate na kukimbia. Na Alia, kama mtoto yeyote aliyetumwa na mama yake, anaiokota, anaipangusa na kuipanga upya mezani auze mara ya pili. Kwa dakika zile kijana alikiweka kipaza sauti juu ya goti. Hakufasiri kitu. Hapakuwa na cha kufasiri, maana kila aliyekuwa mle ndani amewahi kutumwa sokoni na hesabu ya kurudisha. Mwanamke mmoja aliyekuja na karanga zake za kuuza aliita kwa sauti, "Ondoka, mwanangu, ondoka!" na huo ndio ufasiri pekee uliosikika.

Wapo watakaosema kunyamaza si kazi. Waulize wanaojaribu. Kipaza sauti mkononi kinawasha, na kibanda kikinyamaza mfasiri anahisi mteja anaondoka. Kinachomruhusu kijana huyu kunyamaza ni kwamba amejipanga mapema: ana daftari la shule lililoandikwa kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa, na mahali pa mikate amechora mstari mtupu.

Sifa hizi zote hazinifanyi niisamehe filamu uongo wake, na yeye hakuisamehe. Ilipigwa Afrika Kusini, hilo si kosa. Kosa ni Eastleigh yake, mtaa wa Nairobi walikojificha magaidi: una wanamgambo wanaopita na bunduki kubwa juu ya gari, wanasimamisha watu barabarani na kupima urefu wa nguo za wanawake. Eastleigh halisi ni maduka makubwa ya nguo na dhahabu, foleni za matatu, hoteli za nyama ya mbuzi, na wafanyabiashara wanaotoka Kampala, Kigali na Goma kununua mzigo. Polisi wa Kenya wamewahi kuwasumbua Wasomali wa mtaa huo kwa misako ya jumla, kama ile ya Aprili 2014 iliyojaza maelfu ya watu katika uwanja wa Kasarani. Hiyo nayo ingekuwa filamu. Gari la bunduki lilipotokea, kijana alisema kwa ukavu: "Hii ni Nairobi ya filamu. Ya kweli wangeshaombwa chai na polisi kona ya kwanza." Hukumu ya maneno machache, akaendelea. Mimi hapa nimetumia aya nzima.

Na misako ya kweli ya kanda yetu haikufanana na filamu hata kidogo. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, alisakwa kwa karibu miaka 13 baada ya mabomu ya Agosti 7, 1998, kwenye balozi za Marekani, yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Marekani ilitangaza dola milioni 5 kwa atakayemtaja alipo. Aliuawa Juni 2011 Mogadishu, gari lake lilipokosea njia usiku na kufika kwenye kizuizi cha askari wa serikali ambao hata hawakujua wamempiga nani. Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angethubutu kumaliza hivyo. Angeambiwa ni mvivu.

Jambo moja lililonishangaza ni jinsi kibanda kilivyolipokea kombora. Katika filamu nyingine mlipuko hupigiwa makofi. Hapa hapakuwa na makofi, na sidhani ni kazi ya Gavin Hood peke yake. Nyamyumba ni kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa, na Januari 1998 waasi walilishambulia basi la wafanyakazi wake, watu zaidi ya 30 wakauawa. Januari 2025, Goma ilipokuwa inapiganiwa, mabomu yalivuka mpaka na kuua watu Rubavu, wilaya ya Nyamyumba yenyewe. Masikio ya pale yanajua tofauti ya mlipuko wa spika na ule mwingine. Kijana, ambaye kwa kawaida hutia milio ya mdomo wake kwenye kila bunduki, safari hii aliacha spika ifanye yenyewe, tena aliishusha sauti kidogo kabla.

Alia hafi papo hapo. Baba na mama wanambeba, na wanamgambo wale wale wanaishusha bunduki yao kubwa kwenye gari ili mtoto apate mahali pa kulala akimbizwe hospitali. Ni picha ya sekunde chache, nayo inamvuruga mtu aliyekwishaamua nani mwovu. Kijana aliitolea maneno matatu tu: "Wameshusha bunduki. Tazameni." Angeweza kuiacha ipite, wafasiri wengi wangeipita wakilia na mama.

Palipomshinda ni mwisho. Kule London, mwanamke pekee kati ya wakubwa waliokuwa chumbani anamlaumu Mzee wa Mdoli kwamba ameua akiwa salama kwenye kiti, naye anamjibu kwa upole mkali kwamba askari anajua gharama ya vita kwa sababu amesimama kati ya miili baada ya mabomu ya kujitoa mhanga. Rickman alifariki Januari 2016, na hii ni miongoni mwa kazi zake za mwisho. Kila neno analipima. Hapo ndipo filamu inapomgeuzia mtazamaji meza, kwa sababu wote wawili wana haki. Lakini jua lilikuwa limeshuka, wavuvi wameanza kusimama na kutafuta ndala zao, na kijana akayabana majibizano yote katika sentensi moja: mama anamgombeza mzee, mzee amekasirika. Mzee hakukasirika. Mara nyingine nilipomsikia akiifasiri alilibana vile vile, ingawa siku hiyo ziwa lilikuwa na upepo na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kuvua. Ukurasa ule wa daftari nadhani ni mtupu kwa sababu nyingine: bado hajaamua yeye mwenyewe yuko upande wa nani, na mfasiri wa kibandani akiwa hajaamua, hujificha kwenye haraka. Akilipatia sehemu ile, sioni wa kumkuta kutoka hapa hadi Bukavu.